Paladini mwenye Nguvu 13

Dadu ilisimama kwenye 11.

Tulikuwa tukicheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mtu anamchezesha mhusika wake na dadu ya pande 20 inaamua kama anafaulu. Mwenye mpiganaji, yaani anayemchezesha mhusika wa fani ya upiganaji, aliitazama, akainua karatasi yake, akatafuta cha kuongezea. Hakikuwepo. Hekima yake ni 10, haiongezi wala haipunguzi, na alitakiwa afikishe 15. Mchawi niliyekuwa nikimchezesha alikuwa amemtupia Hold Person, uganga wa kumgandisha mtu, na mimi kama msimulizi, anayeendesha mchezo na maadui, sikuwa na namna ila kutamka: umeganda. Majambazi wawili wakamsogelea. Mnaocheza mnajua kinachompata aliyeganda akipigwa na mtu aliye karibu naye: kila pigo linalompata linahesabiwa kana kwamba dadu imetoa 20, yaani dadu za madhara zinarushwa maradufu. Zamu yake haijarudi, alishakuwa chini.

Akamgeukia aliyekaa mkabala naye.

"Kaka, duara lako liko wapi?"

Mwenye paladini hakujibu upesi. Mhusika wake, shujaa wa upanga mwenye nguvu za kiapo, alikuwa amesimama ubavuni kwa mpiganaji, futi tano tu. Wahusika wote walikuwa ngazi ya sita. Na paladini wa ngazi ya sita ana lile duara la futi 10 ambamo yeye na wenzake wote wanaongezewa Karisma yake kwenye kila dadu ya kujiokoa. Karisma ya huyu wetu ni 18, yaani +4. Kumi na moja na nne, kumi na tano.

Angepona.

Ila huyu hakuwa paladini wa ngazi ya sita. Alikuwa paladini wa tano na worloki wa kwanza: ngazi yake ya sita aliichovya kwenye fani nyingine, ya mtu anayepata uganga kwa mkataba na patroni, kiumbe mwenye nguvu. "Si nilichovya," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayetaja kitu ambacho kila mmoja alikuwepo kikitendeka. Na kweli mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyesema sawa.

Mchezo uliendelea, kasisi akamwinua mpiganaji, majambazi wakakimbia. Lakini swali lile limekaa nami wiki nyingi sasa, na kila nikidhani nimelijibu linageuka upande mwingine.

Namba zake zilikuwa safi

Kwanza nimtetee mwenye paladini, kwa sababu hakukurupuka.

Ukichukua karatasi yake ya siku ya kwanza utakuta Nguvu 13. Si 12, si 14. Kumi na tatu ndicho kiwango cha chini ambacho kanuni za 2014 (toleo la tano) zinamdai paladini anayetaka kuchanganya fani, kwa Nguvu na kwa Karisma pia. Ukipungukiwa hata moja, mlango umefungwa. Hakuna paladini anayejiwekea Nguvu 13 kwa bahati. Jamaa alijua tangu tukiwa tunahangaika na majina kwamba siku moja atachukua ngazi ya worloki, tena wa tawi moja tu: Hexblade, lile lililokuja na kitabu cha nyongeza cha mwaka 2017, linalomruhusu mtu ashike upanga kwa Karisma badala ya Nguvu. (Waliozoea zile kanuni za bure zilizowekwa chini ya Creative Commons mwaka 2023 hawatalikuta humo, kule kila fani ina tawi moja tu, na la worloki ni jingine.)

Sasa twende kwenye hesabu. Alipokuwa paladini mtupu wa ngazi ya tano alikuwa akilenga kwa +4: moja ya Nguvu, tatu za umahiri. Adui mwenye kinga ya 15, yaani namba ambayo dadu na nyongeza lazima viifikie, alikwepa nusu ya mapigo yake. Upanga wa dadu ya pande nane, ukiongeza ile moja, unatoa wastani wa 5.5. Ana mapigo mawili kwa zamu na nusu yanapotea hewani, kwa hiyo zamu nzima inampa 5.5 ileile.

Akachovya. Nguvu ikakaa pembeni, Karisma ikashika upanga. Kulenga kukawa +7, madhara +4. Adui yuleyule wa kinga 15 sasa anapatwa na 65% ya mapigo, na kila linalompata lina wastani wa 8.5. Zamu nzima: 11, hata kabla ya kuhesabu zile 20 za bahati.

Maradufu, kwa ngazi moja.

Na sijagusa ile nafasi ya uganga ya worloki inayorudi baada ya saa moja ya mapumziko mafupi, ambayo paladini anaweza kuichoma kwenye Divine Smite, pigo takatifu la dadu mbili zaidi za pande nane, wakati nafasi zake za kipaladini zinangoja alale usiku kucha. Ukimwonyesha mtu yeyote anayejua kujumlisha karatasi mbili hizi, paladini wa sita na huyu wa mchanganyiko, atakuambia mchanganyiko ndio unaopigana.

Tena alilipa kabla ya kupata. Ngazi tano nzima alikosa na kukosa mbele yetu, +3, baadaye +4, huku mpiganaji akifyeka kushoto na kulia. Hakuwahi kulalamika. Tulimcheka kidogo, nakumbuka.

Bei imekuwa ikihama

Baada ya swali lake la duara, mwenye mpiganaji aliongeza neno lisilohitaji jibu: "Mshika mbili moja humponyoka."

Methali hiyo ingefaa kabisa kubandikwa kwenye kanuni za 1978. Mwaka 1974, mchezo ulipotoka mikononi mwa Gary Gygax na Dave Arneson, kulikuwa na fani tatu tu, na elfi aliweza kuwa mpiganaji safari hii na mchawi safari ijayo. Miaka minne baadaye mambo yakakazwa. Elfi, dwafu na wenzao waliruhusiwa kubeba fani mbili au tatu kwa pamoja, lakini kila pointi ya uzoefu iligawanywa sawa kwa sawa, na hata pointi za uhai ziligawanywa. Binadamu alibanwa zaidi. Aliacha fani moja ndipo aanze nyingine, awe na 15 kwenye uwezo mkuu wa fani anayoiacha na 17 kwenye ule wa anayoiendea. Akithubutu kutumia ujuzi wa zamani kabla ule mpya haujaupita, ananyimwa pointi za uzoefu. Fikiria mpiganaji wa ngazi ya saba anayejifunza uganga, jambazi amemjia na panga, naye anajiuliza kama autumie upanga alioushika maisha yake yote au aendelee kuchuma uzoefu.

Nampenda mtu aliyeandika kanuni hiyo. Simwamini, lakini nampenda.

Toleo la tatu, mwaka 2000, likafungua geti. Kila ngazi ukawa unajichagulia fani, na kodi ikawa 20% ya uzoefu kwa kila fani iliyoachwa nyuma zaidi ya ngazi moja, isipokuwa ile inayopendelewa na kabila la mhusika wako. Watu wakajifunza kuikwepa kodi kama wanavyojifunza kuikwepa popote. Toleo la nne, mwaka 2008, likakunja uso: ukitaka vya jirani, unatoa nafasi ya kipaji unapata kionjo. Kisha 2014 ikaondoa kodi ya uzoefu kabisa. Zikabaki zile 13, ruhusa ya msimulizi, na kitu kimoja ambacho hakikuandikwa popote kama adhabu.

Kuchelewa.

Kila ngazi unayoiweka kwa jirani ni ngazi ambayo fani yako ya kwanza haikusogea. Wote tunajua mtego wa ngazi ya tano: mpiganaji wa tatu na mjanja wa pili anapiga pigo moja wakati wenzake wanapiga mawili, na mchawi aliyechovya mapema anangoja Fireball, mpira wa moto, huku mchawi mwenzake ameshachoma vijiji. Jamaa yetu aliujua mtego huo. Alisubiri hadi tano, akapata pigo lake la pili, ndipo akachovya. Kwa hesabu ya kila mwongozo nilioupitia mtandaoni, alifanya vizuri.

Hapo ndipo nilipokwama kwa siku kadhaa, kwa sababu nilikuwa nikitafuta kosa mahali ambapo hapakuwa na kosa. Kisha nikaona kitu kidogo. Ile 20% ilikatwa kwenye mfuko wa mchezaji mwenyewe. Kuchelewa kunakatwa popote kilipo kitu kilichochelewa. Pigo la pili likichelewa, hasara ni yangu. Lakini duara la paladini si lake peke yake. Kasisi anayekwenda kutafuta silaha za kivita kwa mpiganaji kabla ya ngazi ya tano anachelewesha Revivify, uganga wa kumrudishia uhai aliyekufa punde, na Revivify haimsaidii kasisi, inamsaidia aliyekufa.

"Upanga uliniita"

Siku anachovya nilimuuliza kama msimulizi anavyouliza: patroni wako ni nani, na mmekutana wapi? Akafikiri. "Upanga uliniita," akasema.

Basi. Upanga ulimwita.

Nilinyong'onyea kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ndoto, kwa sauti kutoka kisimani, kwa deni la marehemu babu. Nikapewa maneno mawili yaliyobuniwa papo hapo ili kupisha namba zipite. Na msidhani hadithi hiyo ilikua baadaye ikawa nguzo ya kampeni yetu. Haikukua. Mpaka leo upanga ulimwita, na hakuna mtu mezani anayekumbuka ulisema nini.

Kwa muda nilidhani hapo ndipo penye tatizo langu: kwamba kachovya kwa ajili ya faida, hadithi akaibandika juu. Ni lawama ya zamani, kila mwenye meza ameisikia au ameitoa.

Ila kuna kitu kilinikata kauli. Wiki iliyofuata mpiganaji naye alipanda kutoka tano hadi sita. Akaongeza mbili kwenye Nguvu. Sikumuuliza hizo nguvu zimetoka wapi. Sikumwambia anisimulie mazoezi, wala mwalimu, wala asubuhi moja alipogundua kwamba jiwe lililomshinda mwaka jana leo linanyanyuka. Aliandika 18, tukaendelea kula karanga. Mjanja wetu kila ngazi mbili anaongezewa dadu ya kuchoma mtu kisogoni na hatujawahi kumdai hata sentensi moja.

Kwa nini basi anayechanganya ndiye anayedaiwa cheti cha kuzaliwa?

Nadhani ni kwa sababu mchanganyiko unaonyesha mshono. Ngazi ya kawaida imefumwa na waliotunga kitabu, kwa hiyo tunaiona kama asili ya mtu. Ngazi ya kuchovya imefumwa na mchezaji mwenyewe, kwa hiyo tunaiona kama hila. Lakini zote mbili ni namba zilizopangwa ili mtu apige vizuri zaidi. Wala watu halisi hawako nadhifu kiasi hicho: mwalimu anayeuza vocha na chipsi jioni hatumuulizi ameitwa na nani. Anahitaji hela.

Sisemi hakuna kikomo. Yule worloki wa kahawa, anayevunja nafasi zake za mapumziko mafupi kuwa pointi za sosera, fani nyingine ya uganga, halafu pointi kuwa nafasi mpya, halafu halali kamwe ili zisifutike, huyo ningemkatalia mezani kwangu mchana kweupe, na si kwa sababu ya hadithi. Ni kwa sababu kila tukipumzika saa moja tutakaa tukimsubiri ahesabu. Waandishi wenyewe walimwona; kile kitabu cha 2017 kiliweka kanuni ya uchovu kwa asiyelala.

Kinachoonekana na kisichoonekana

Nimtetee tena mara ya mwisho, halafu niache.

Siku ile tuliweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo duara lingemwokoa mpiganaji. Kumi na moja, jumlisha nne, kumi na tano. Ushahidi uko mezani.

Sasa nani anaweza kuonyesha mahali ambapo upanga wa Karisma ulimwokoa? Zimwi lililoanguka zamu ya tatu badala ya zamu ya tano halikuacha risiti. Mapigo ambayo lingetoa katika zamu mbili ambazo halikuziishi hayakurushwa, kwa hiyo hakuna dadu ya kuitazama. Huenda mpiganaji ameokolewa na ule upanga mara nyingi kuliko ambavyo duara lingemwokoa. Hatutajua, na yeye hatashukuru, na wala si kosa lake kutoshukuru.

Nilimweleza mwenye mpiganaji hoja hii kwa simu, nikijiona nimefika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema, "lakini mimi nilikuwa nasimama pale kwa sababu ya duara."

Nikamuuliza ana maana gani.

Alikuwa amesoma fani ya paladini. Alijua ngazi ya sita inaleta nini. Tangu tumepanda alikuwa akijibana ubavuni kwa paladini kila pambano, akiacha nafasi nzuri zaidi za kupigana, akiamini yumo ndani ya futi 10 za usalama. Siku paladini anachovya yeye alikuwa msibani, akarudi wiki iliyofuata, hakuna aliyemwambia.

Hii sikuwa nimeiona kabisa.

Ratiba ya chumbani

Baada ya simu ile nilimwomba mwenye paladini anionyeshe mpango wake. Alikuwa nao kwenye lahajedwali, ngazi 20 zote, kila mstari na fani yake: paladini hadi tano, worloki mmoja, paladini wa sita, na kuendelea. Duara lilikuwemo. Lilikuwa limepangwa ngazi ya saba ya mhusika, moja tu nyuma ya wakati wake. Aliutengeneza peke yake nyumbani, kabla hajajua nani atakuwa mezani na nani atacheza nini.

Ni mpango mzuri. Una ugonjwa mmoja wa mipango ya aina hiyo yote: umeandikwa kana kwamba ngazi zitakuja. Meza nyingi nilizokaa hazijafika kumi. Watu wanaoa, wanahamishwa Dodoma, wanaanza masomo ya jioni, mtoto anazaliwa. Ngazi moja ya kuchelewa kwenye karatasi ni mstari mmoja. Kwetu sisi tunaokutana Jumapili tukibahatika, ni miezi. Na katika miezi hiyo wenzako wanasimama mahali fulani wakikutegemea kwa kitu ambacho kwako kipo kwenye mstari wa chini yake.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa wanaouliza kama ninaruhusu: naruhusu. Chovya kwa ajili ya namba, wala usinitungie babu. Lakini ngazi haipandwi chumbani tena. Inapandwa mezani, kwa sauti, na anayechanganya anataja vitu viwili: anachopata yeye, na ambacho sisi tutakingoja. Aliyekosekana siku hiyo anapigiwa simu kabla ya pambano linalofuata. Hakuna kura, mhusika ni wako.

Kuna walioniambia vitabu vipya vya 2024 vimemaliza ubishi huu, kwa kuwa matawi yote sasa yanaanza ngazi ya tatu na Divine Smite imekuwa uganga wa mara moja kwa zamu. Nimevisoma. Mlango wa Hexblade wa ngazi moja umefungwa, halafu pembeni yake umefunguliwa mwingine: worloki wa ngazi ya kwanza anaweza kuchukua Pact of the Blade siku hiyohiyo na kushika upanga kwa Karisma. Na duara la paladini bado liko ngazi ya sita. Swali ni lilelile, limebadilisha shati.

Ngazi ya saba

Tumepanda juzi, kwa utaratibu mpya. Paladini alitangaza kwamba anafuata ratiba yake, paladini wa sita, duara limefika. Mpiganaji alipiga makofi, kisha akatangaza na lake: ngazi ya nane atachukua kipaji cha Resilient, kinachoongeza dadu ya kujiokoa, kwa ajili ya Hekima, duara liwepo lisiwepo.

Mjanja hakuwa na la kutangaza.

Zamu ikafika kwa kasisi, mtu mpole ambaye hajawahi kugusa kitu nje ya ukurasa wake. Akakohoa. Alikuwa amesoma soma, akasema, na ameona kwamba ngazi mbili za mpiganaji zinampa Action Surge, tendo la ziada kwenye zamu, na angeweza kutupa uganga mara mbili kwenye zamu moja. Mchovya asali hachovyi mara moja, na akichovya mbele za watu ndio kabisa.

"Unapata hiyo," mwenye mpiganaji akamwambia. "Sisi tunangoja nini?"

Kasisi akafungua kitabu, akashuka na kidole kwenye uganga wa daraja la nne ambao angeupata siku hiyo kama angebaki kasisi. Death Ward, uganga unaomkinga mtu na kifo mara moja, ilikuwa ya pili kwenye orodha aliyojiandikia.

"Death Ward," akasema. "Mnangoja mpaka ngazi ya tisa."

Paladini akauliza ni nani kati yetu huwa anakufa kufa. Wote wakamtazama mpiganaji, na mabishano yakaanza upya hadi saa nne usiku, kasisi akaondoka bado hajajaza karatasi yake.